Duka Lilivunjwa, na Aliyelivunja Sikumtaja

Sentensi ya kwanza niliyoandika kuhusu kifo katika maandamano ya Juni 2024 nchini Kenya ilikuwa na maneno sita tu: "Kijana mmoja amefariki katika makabiliano Nairobi." Niliiandika usiku wa Alhamisi, tarehe 20, nikiwa mezani pangu katika chumba cha habari cha redio moja ya jijini, zikiwa zimebaki dakika nne taarifa ya saa tatu isomwe. Sikuona kasoro. Hakuna neno lililokuwa la uongo, na msomaji aliisoma bila kujikwaa. Asubuhi yake dada yangu mdogo, ambaye alikuwa barabarani mchana kutwa na alirudi nyumbani macho yamevimba kwa gesi ya kutoa machozi, aliniuliza huku akikoroga chai, "Alifariki kama babu alivyofariki?" Babu yetu alifariki kitandani, akiwa amezungukwa na wanawe, baada ya kuugua kwa miezi mitatu.

Sikumjibu, kwa sababu nilielewa mara moja alichokuwa akisema. Neno kufariki lina upole wa kuagana, na halina bunduki ndani yake. Neno makabiliano nalo humfanya msikilizaji aone pande mbili zilizosimama uso kwa uso zikiwa na nguvu zinazolingana, ilhali upande mmoja ulikuwa na risasi na upande wa pili ulikuwa na simu, bendera na chupa za maji. Kwa maneno sita nilikuwa nimeusimulia ulimwengu ambao dada yangu hakuuona, na yeye ndiye aliyekuwa hapo.

Mimi ni mfasiri wa habari. Taarifa nyingi za serikali, za polisi na za mashirika hutufikia kwa Kiingereza, na kazi yangu ni kuzifikisha kwa msikilizaji kwa Kiswahili ambacho hakitamchosha. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa miaka minane nikijiona kama bomba la maji: kinachoingia upande huu ndicho kinachotokea upande ule. Mwezi huo nilikuwa pia na kazi ya pili, ya kujitolea. Nilikuwa katika kikundi cha watu 12 waliokuwa wakieleza kwa Kiswahili chepesi vifungu vya Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliozua maandamano hayo, na ambao ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na tozo ya mazingira ambayo watu walihofia ingepandisha bei ya vitu kama nepi na sodo. Serikali ilitarajia mswada huo uiletee takriban shilingi bilioni 346. Vikundi kama chetu vilikuwa vingi nchini, na sitaki kutoa picha kwamba chetu kilikuwa na umuhimu wa pekee. Tulichapisha maelezo, tukaweka picha, tukaandika maneno chini ya picha. Mchana nilikuwa mwanahabari asiye na upande, na usiku nilikuwa mtu mwenye upande. Niliamini kwamba nimeweza kuzitenganisha kazi hizo mbili, kila moja na kabati lake.

Kilichonishangaza katika wiki ile ni jinsi mwandamanaji huyohuyo alivyobadilishwa sura mara nne kabla hajabadilisha shati. Siku za mwanzo kiongozi wa wengi katika Bunge la Kitaifa, Kimani Ichung'wah, aliwaeleza waandamanaji kuwa ni watu wanaokuja kwa Uber, wenye simu za iPhone, ambao baadaye huenda kula KFC na kunywa maji ya chupa. Kwa hiyo walikuwa watoto wa matajiri wasioijua shida. Jumapili ya tarehe 23 Rais William Ruto akiwa kanisani Nyahururu alisema anajivunia vijana waliojitokeza kushiriki katika mambo ya nchi yao. Sasa wakawa fahari ya taifa. Usiku wa Jumanne, tarehe 25, baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na sehemu ya jengo kushika moto, Rais huyohuyo alilihutubia taifa akitaja uhaini na wahalifu waliojipanga. Kesho yake alitangaza kwamba hatautia mswada saini, na wakawa washindi. Hotuba hizo zote zilipita mikononi mwangu, na kila mara nilitafuta neno la Kiswahili linalofaa bila kujiuliza kama ni mtu yuleyule ninayemvika mavazi hayo.

Jumanne ile ya tarehe 25 ndiyo siku ya kwanza niliyobishana kazini kwa sauti. Mchana wabunge walikuwa wameupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na muda mfupi baadaye picha zikaanza kuonyesha watu ndani ya ukumbi. Tulikuwa na dakika chache za kuamua kitenzi. Je, waandamanaji waliingia Bungeni, walijipenyeza, walivamia au waliteka? Mimi nilitaka "waliingia", kwa hoja kwamba ni nyumba ya umma na kwamba Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa watu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka. Mwenzangu wa zamu, mtu mwadilifu ambaye nilikuwa nimemheshimu kwa muda mrefu, aliniambia kwamba kifungu hichohicho kinasema kwa amani na bila silaha, na kwamba mtu anayepita juu ya ua lililoangushwa haingii, anavamia. Mkubwa wetu alitusikiliza akiwa amesimama, kisha akaamua kwamba saa kumi itasomwa "walivamia" na kwamba tutaangalia tena baadaye. Saa moja usiku ikawa "waliingia kwa nguvu". Hakuna msikilizaji aliyepiga simu kulalamikia lolote kati ya hayo mawili, jambo ambalo lilinivunja moyo zaidi kuliko kama wangelalamika.

Nilipoisoma upya taarifa ile ya saa moja nikiwa nyumbani, niliona jambo ambalo ubishi wetu ulikuwa umelifunika. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba waandamanaji waliingia kwa nguvu, waliharibu samani, walichoma sehemu ya jengo. Sentensi ya tatu ilisema kwamba watu kadhaa walipoteza maisha. Mtu hupoteza ufunguo, hupoteza kitambulisho, hupoteza njia. Hupoteza kwa kutokuwa mwangalifu. Katika taarifa moja, waandamanaji walikuwa watendaji wa kila kitu na polisi walikuwa kama hali ya hewa, kitu kinachotokea tu. Tulikuwa tumepigania kitenzi kimoja kwa dakika kumi, na hakuna hata mmoja kati yetu, mimi nikiwemo, aliyekuwa amekitazama kile cha pili.

Lugha yetu inaweza sana mambo haya. Tuna kauli ya kutendeka, ambayo husema mlango umefunguka, sahani imevunjika, risasi zimefyatuka, na msikilizaji haulizi ni nani. Tuna kauli ya kutendwa, ambayo inaweza kumtaja mtenda mwishoni au ikamwacha nje kabisa, na sentensi ikabaki imekamilika. Wanafunzi hufundishwa kauli hizi kama sarufi ya mtihani. Sikumbuki mwalimu yeyote aliyewahi kutuambia kwamba siku moja tutaamua kwa silabi moja kama kuna mtu aliyeua au hakuna. Kesho yake nilikiandikia kikundi chetu kanuni, nikaibandika juu ya ukurasa wetu wa kazi: kila tendo litajwe na mtenda wake. Asiandikwe mtu "amefariki" ikiwa amepigwa risasi. Asiandikwe mtu "amekamatika". Nilijisifu kwa kanuni hiyo, na wenzangu waliipokea kwa furaha kwa sababu ilikuwa inawachoma wengine.

Kanuni hiyo ilipata kazi haraka, kwani ubishi uliofuata ulikuwa wa kuhesabu. Tarehe 30 Juni Rais aliwaambia wanahabari waliomhoji Ikulu kwamba waliokufa ni 19. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitoa hesabu ya watu 39, na katika miezi iliyofuata hesabu ya tume hiyo ilifika 60. Kazini tulizisoma hesabu zote mbili moja baada ya nyingine, kama matokeo ya mechi. Kwenye kikundi tuliandika ile ya tume peke yake. Hadi leo ninaona tulifanya sawa, ingawa ninajua kwamba msikilizaji aliyesikia 19 kwenye redio na kusoma 39 kwenye simu, yote kutoka kwa mtu mmoja asiyemjua, alikuwa na haki ya kuuliza ni nani anayemdanganya.

Kisha ikaja Jumanne ya tarehe 2 Julai. Mswada ulikuwa umekwisha kukataliwa, watu waliotoka siku hiyo walikuwa wanadai Rais ajiuzulu, na hali katikati ya jiji ilikuwa tofauti na siku zilizotangulia tangu asubuhi. Maduka yalikuwa yamefungwa. Wanaume ambao hakuna aliyewajua walikuwa wamesimama pembezoni wakiwa na mawe. Mombasa magari yalichomwa. Polisi walitangaza baadaye kwamba wamekamata zaidi ya watu 270 waliowashuku kuwa wahalifu waliojichanganya na waandamanaji. Mimi nilikuwa nimetoka kazini saa nane, nikapita karibu na Mtaa wa Tom Mboya, na huko nikaona vijana wakivunja mlango wa chuma wa duka. Baadhi yao sikuwahi kuwaona. Mmoja alikuwa amejifunga bendera kiunoni, na dakika chache kabla alikuwa akiimba na kundi lililokuwa limekaa chini barabarani, mikono juu.

Usiku niliandika kwa ajili ya kikundi: "Maduka kadhaa yalivunjwa na mali kuibwa. Inaaminika kwamba wahuni walikodiwa ili kuliharibia sifa vuguvugu." Niliituma kabla sijala.

Mwenye duka nilikuwa ninamfahamu. Aliuza vifuniko vya simu, chaja na vioo, na alitengeneza simu zilizoharibika; ni mama wa umri wa mama yangu, aliyeanza biashara kwa meza ya mbao nje ya mlango wa mtu mwingine. Tarehe 25 Juni alikuwa amefunga duka kwa hiari yake, akabaki mlangoni akiwagawia vijana maji. Nilipopita siku ya Alhamisi kumpa pole nilimkuta amekaa juu ya kreti, simu mkononi, na mlango ukiwa umeegemezwa ukutani. Hakunijibu salamu. Alinyoosha simu kuelekea kwangu.

"Mwanangu, haya ni maandishi yenu?"

"Ndiyo, Mama. Ni yangu."

"Yalivunjwa na nani?"

Nikasema wahuni waliokodiwa.

"Ulimwona aliyewakodi?"

"Hapana, Mama."

"Na hapa umeandika inaaminika. Inaaminiwa na nani? Mimi ndiye niliyevunjiwa, na hujaniuliza ninaamini nini." Alizima simu na kuiweka pajani. "Nilikuwa juu, kwenye ngazi, ninaangalia. Wengine siwajui, huenda walikodiwa, sitabisha. Lakini mmoja alikuwa na bendera kiunoni. Wiki iliyotangulia alikuja hapa kutengeneza simu akanieleza habari ya ule mswada vizuri sana, nikampunguzia bei. Huyo ninamjua. Kama ni wa kukodiwa, basi alikodiwa baada ya kunieleza."

Nilimweleza kwa unyenyekevu kwamba nikiandika hivyo, wale wanaosema kuwa waandamanaji wote ni wahalifu watapata silaha. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mkuki kwa nguruwe," na hakumalizia, kwa sababu methali hiyo haihitaji kumaliziwa. Baada ya hapo akaniuliza kama ninamfahamu fundi wa kuchomelea ambaye si ghali.

Nilitembea hadi kituo cha matatu nikiwa na hasira, na nakiri kwamba hasira hiyo ilikuwa dhidi yake. Ilichukua safari nzima ya kwenda nyumbani kabla sijaona kwamba sentensi yangu ilikuwa pacha wa ile ya tarehe 20 Juni. Nilikuwa nimetumia kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Nilipolazimika kumtaja mtenda, nilimweka nyuma ya "inaaminika", neno ambalo ningelifuta kwa kalamu nyekundu kama lingekuja katika taarifa ya polisi. Mbaya zaidi, nilikuwa shahidi. Wale walioandika "risasi zilifyatuka" huenda hawakuwepo zilipofyatuliwa. Mimi niliiona bendera kwa macho yangu na nikaiacha nje ya sentensi.

Nililipeleka jambo hilo kwenye kikundi Jumamosi iliyofuata, nikitarajia mjadala wa nusu saa. Tulikaa hadi jioni. Mwenzetu mmoja, mwanasheria, alisema kwamba hatuna wajibu wa kumfanyia kazi anayetupaka matope, na kwamba kila chombo cha serikali kilikuwa kinaeneza picha za maduka yaliyovunjwa ili zifunike picha za maiti. Alikuwa sahihi kuhusu picha. Mwingine alipendekeza tuseme ukweli wote lakini baadaye, mambo yakitulia. Dada yangu, ambaye alikuwa amekuja kama mgeni, aliuliza mambo yakitulia ni lini, na hakuna aliyekuwa na tarehe.

Aliyebadilisha mwelekeo wa mazungumzo alikuwa mwanamume wa bodaboda kutoka Mathare, mtaa wa mabanda jijini, ambaye kwa kawaida alikuja kutusaidia kusambaza karatasi zilizochapishwa na hakuwa mzungumzaji. Alituomba tufungue ukurasa wetu na tutazame picha tulizoziweka tangu tarehe 18 Juni. Tulifanya hivyo. Zilikuwa picha nzuri: wasichana wenye mabango yaliyoandikwa kwa akili na ucheshi, vijana wenye miwani, mvulana aliyepiga goti mbele ya maji ya kuwasha, bendera, tabasamu. Akatuuliza ni picha ngapi ambazo zina mtu wa kwao. Tukahesabu mbili, na katika zote mbili kulikuwa na moshi. Kisha akatukumbusha bango ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelichapisha kwa mamia, lililosema "Sisi si wahuni, sisi ni raia." Alisema kwamba yeye hulisoma bango hilo na kujiuliza waandishi wake walikuwa wanamwangalia nani walipokuwa wakikataa kuwa wahuni, kwa sababu mahali anapoishi neno hilo huitwa mtu kabla hajafanya lolote, na polisi hawamuulizi kama ni mhuni au ni raia.

Mimi ndiye niliyelitunga bango hilo. Nilifikiri nilikuwa ninalikataa tusi. Kumbe nilikuwa ninalisogeza kwa jirani. Mhuni, kwa maana ya zamani, alikuwa mtu asiyeoa, asiye na makao wala ukoo wa kumjibia mjini, na kutoka hapo neno likakua hadi kumaanisha mtu asiye na adabu. Bado limebeba harufu ile ya kwanza, ya kijana asiye na wa kumsemea. Wabunge walipolitumia walijua linamwangukia nani. Nilipolikwepa mimi, nilijua pia, ingawa nilikuwa nimejifanya sijui.

Baada ya hapo tulizungumzia maneno mengine tuliyokuwa tumeyapokea kama zawadi bila kuyafungua. Tulikuwa tunajiita vuguvugu lisilo na kabila, lisilo na chama, lisilo na kiongozi. Mawili ya kwanza niliyaona kwa macho yangu na nitayatetea mbele ya mtu yeyote, maana sijawahi kusimama katika umati wa Wakenya ambao haukuulizana majina ya ukoo kama ule. La tatu lilitukinga, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kununuliwa wala wa kufungwa akaondoka na harakati nzima. Lakini lilitupa pia mwanya, kwa kuwa duka la mama yule lilipovunjwa hapakuwa na mtu wa kwenda kumwomba radhi kwa niaba ya yeyote. Na lile jina la Gen Z, ambalo magazeti ya ulimwengu yalilipenda, lilimwacha nje yeye mwenye umri wa miaka 57 aliyegawa maji, na lilimwacha nje mwanamume wa bodaboda aliyekuwa na miaka 41 na watoto wanne. Maandamano ya tarehe 25 yalifanyika katika zaidi ya nusu ya kaunti 47 za nchi hii, na ni shida kuamini kwamba kila aliyetoka alikuwa amezaliwa baada ya mwaka 1996.

Mjomba wangu, ambaye hachelewi kuona kichekesho, alilipokea jina hilo kwa namna yake. Alikuwa mjini tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, watu walipokusanyika kudai vyama vingi. Niliposoma mbele yake makala iliyosema kwamba vijana wa 2024 ndio Wakenya wa kwanza kuishinda hofu, aliinua suruali yake na kunionyesha kovu kwenye ugoko. "Basi hili nilijikwaa," alisema. Aliniambia kwamba wao pia waliitwa wahuni kwenye redio, na kwa Kiswahili kizuri kabisa. Sikumuuliza ni nani aliyeitafsiri taarifa hiyo.

Kikundi hakikufikia uamuzi kwa kura. Nilirekebisha sentensi yangu mwenyewe, na wawili wakajitoa. Niliandika kwamba watu kadhaa walivunja duka, kwamba angalau mmoja wao alikuwa ameonekana katika maandamano muda mfupi kabla, kwamba wengine hawakufahamika, na kwamba madai ya kukodiwa yalikuwa yametolewa lakini sisi hatukuwa na ushahidi wake siku hiyo. Ilikuwa sentensi ndefu na mbaya, haikusambazwa na watu wengi, na ndani ya saa moja mtu mmoja asiyejulikana akatuita vibaraka wa serikali. Siku hiyohiyo mtu mwingine alituita vibaraka wa wafadhili wa kigeni. Nilifurahi kwamba angalau walishindana.

Kanuni yangu nayo ilibidi niipunguze makali. Kazini, nilipotaka kuandika kwamba polisi walimpiga risasi yule kijana wa tarehe 20, mkubwa wetu alinikumbusha kwamba mashahidi walikuwa wamemtaja mtu aliyevaa kiraia, kwamba uchunguzi unaendelea, na kwamba mahakama haijasema. Mwanzoni niliona ni woga. Baadaye niligundua kwamba ananitaka nifanye kile alichonifundisha mama wa duka: niseme kilichoonekana, niseme nani alikiona, nisimame hapo. "Alipigwa risasi polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji" ni sentensi ambayo hakuna mtu aliyeweza kuikanusha, na ndani yake kuna risasi, kuna polisi, na hakuna kufariki. Dada yangu aliikubali, akaongeza kwamba nimechelewa wiki tatu.

Mwaka uliofuata ubishi huo ulikuwa mkubwa kuliko watu kama mimi. Aprili 2025 BBC ilionyesha uchunguzi wake, uliopitia zaidi ya picha 5,000, juu ya waliowapiga risasi waandamanaji nje ya Bunge, na ukawaonyesha askari polisi na mwanajeshi wakifyatua. Maonyesho yaliyokuwa yamepangwa Nairobi yalifutwa, baadhi ya wabunge wakasema filamu ina upande mmoja, na mapema mwezi Mei watengenezaji filamu wanne walikamatwa na kuachiliwa. Tarehe 17 Juni wanaume wenye rungu walionekana mchana kweupe wakiwashambulia waandamanaji huku polisi wakiwa kando yao, na wale wenzangu wawili waliojitoa walinitumia picha hizo bila neno lolote. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Wahuni wa kukodiwa hawakuwa hadithi. Nilizitazama kwa muda mrefu. Hazikumtoa bendera kiunoni yule niliyemwona 2024, na bendera yake haikuyafuta marungu.

Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya redio na televisheni viache kutangaza maandamano mubashara, baadhi ya televisheni zikazimwa, na Mahakama Kuu ikasitisha amri hiyo siku hiyohiyo. Siku iliyofuata Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, aliyaeleza yaliyotokea kuwa jaribio la mapinduzi. Nilikuwa zamu siku zote mbili, na maneno hayo pia yalipita mezani pangu. Sikuwa na muda wa kufikiri sana, kwa sababu maduka mengi katikati ya jiji yalikuwa yamevunjwa na ilibidi tuseme ni wapi, lini, na nani alionekana akifanya nini.

Niliandika taarifa ya saa kumi na mbili jioni kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Nilitaja kwamba watu walivunja maduka, nikaeleza mashuhuda walimwona nani, nikaitenga sentensi ya waliopigwa risasi na kuiweka ya kwanza. Ilipomaliza kusomwa simu yangu ikalia. Alikuwa ni yule mama. Duka lake safari hii lilikuwa limenusurika. Mlango mpya ulikuwa mzito, na alikuwa amekaa ndani gizani akisikiliza redio ndogo.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Sasa umesema nani. Lakini mtaa umekosea. Lile duka la viatu haliko Tom Mboya, liko uchochoro wa nyuma."

Nilimshukuru, nikauliza jina la uchochoro, na nikarekebisha kabla ya saa moja.